Shahidi wa Pande Mbili

Bartholomayo alijifunza kunyoa Bukoba mjini, kwenye saluni ya mjomba wake jirani na soko, na somo lake la kwanza halikuhusu mashine wala wembe. Mjomba alimwambia, "Mteja akishuka kwenye kiti na kujitazama kiooni, wewe sema amependeza. Hata kama umemharibu, sema amependeza. Wengine wataamini, na waliobaki watakushukuru kwa kuwafariji."

Alilishika somo hilo kuliko yote. Aliporudi kwao Muleba akamwoa Judica, akajenga banda la mabati kando ya barabara iendayo Rubya, akalipaka rangi ya buluu, na haukupita muda mrefu wanaume wa vijiji vya jirani wakawa wanamnyooshea yeye vichwa vyao. Hakuwa kinyozi hodari sana. Kuna wenzake waliomshinda kwa mbali katika kuchonga ndevu. Lakini ukikaa kwenye kiti chake ulijisikia mtu. Mimi kwa miaka kadhaa niliamini kwamba kichwa changu kina umbo zuri, kwa sababu yeye ndiye aliyeniambia.

Ulikuwa huwezi kubishana naye. Shabiki wa Simba akikaa kwenye kiti, Bartholomayo alikuwa Simba tangu utotoni. Akija wa Yanga, babu yake mzaa mama alikuwa amemrithisha Yanga. Siku moja walikuja wote wawili wakakaa benchi moja wakisubiri zamu, mmoja akamuuliza mechi ya jana ameionaje. Bartholomayo alikung'uta kitambaa taratibu, akasema siku hizi mpira ameacha kuufuatilia, moyo wake hauko vizuri. Wote wawili walimpa pole.

Hayo yalikuwa mambo ya kuchekesha, na kama yangeishia hapo nisingekuwa na cha kusimulia. Yaliyoleta shida ni mambo ya Revocatus na Nicholaus.

Hawa walikuwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Revocatus, mkubwa, alikuwa mkulima wa kahawa na migomba, mtu wa sauti kubwa ambaye hata salamu yake ilisikika ng'ambo ya bonde. Nicholaus alikuwa fundi mwashi, mkimya, mwenye kufikiri kwanza ndipo aseme. Baba yao kabla hajafa aliwagawia kibanja chake cha migomba katikati, akapanda mstari wa milamula, ile miti myembamba yenye majani marefu ambayo kwetu huonyesha mpaka. Baadaye ukapita mradi wa maji, vijana wakachimba mfereji wa bomba katikati ya kibanja, na milamula mingi ikang'olewa. Mzee akafariki kabla hajaipanda upya. Migomba ikatambaa, na ndugu wakaanza kubishania ukanda mwembamba uliobaki katikati. Ukanda wenyewe ungetosha safu moja ya migomba, si zaidi. Ndani yake ulisimama mparachichi mmoja: upande huu wa barabarani kwa Revocatus, ng'ambo yake kwa Nicholaus.

Sasa, Bartholomayo alikuwa mmoja wa wale vijana waliochimba mfereji.

Revocatus ndiye aliyekuwa wa kwanza kumuuliza, akiwa kwenye kiti, shingo imefungwa kitambaa, povu kidevuni. "Barutolo, wewe ulikuwepo. Ile milamula haikuwa ng'ambo ya ule mparachichi?"

Ukweli ni kwamba Bartholomayo hakukumbuka chochote. Siku ile ya kuchimba alikuwa anawaza chakula. Lakini mtu amelaza shingo yake nyuma kwa matumaini, anakutazama kwenye kioo kwa macho ya kuomba, utamjibuje? "Ng'ambo ya mparachichi kabisa, Ta Revo," akasema, kwa lile "Ta" letu la kuheshimu wanaume. "Unakumbuka vizuri."

Revocatus aliondoka anapiga mluzi. Kesho yake alituma mkungu wa ndizi.

Wiki iliyofuata akaja Nicholaus. Alinyolewa mpaka mwisho bila kusema neno, kisha akauliza kwa upole, "Wewe ulichimba ule mfereji. Milamula haikuwa upande huu wa mparachichi?"

"Upande huu," akasema Bartholomayo. "Nani anasema vingine?"

Nicholaus hakutuma mkungu. Alikuja mwenyewe na ndoo na mwiko, akalisakafia banda lote kwa saruji bila kudai chochote.

Tangu hapo kila ndugu alimwona Bartholomayo kuwa ni mtu wake. Kila mmoja alimkaribisha kwake, akamkalisha kwenye kiti cha mgeni, akampa rubisi, pombe yetu ya ndizi, akamfungulia moyo. Na kwa kuwa ndugu hawakuwa wanasemeshana tena, yeye ndiye aliyebeba maneno kati yao. Aliyabeba vibaya. Kwa Revocatus alisema, "Mdogo wako ana kiburi, lakini wewe mvumilie." Kwa Nicholaus alisema, "Kaka yako anajifanya mkubwa, lakini wewe nyamaza." Hakuwa na nia ya kuwagombanisha. Alitaka tu kila mmoja ajione kuwa ndiye mwenye haki, na njia rahisi ya kumfanya mtu ajione ana haki ni kumwonyesha ubaya wa mwenzake.

Kisha kikaja kipaimara cha Kokushubila, binti wa Revocatus. Revocatus, pamoja na ukali wake, alikaa kwenye kiti cha kinyozi akasema kwa sauti ya chini ambayo watu hawakuizoea, "Mwambie Nicholaus aje. Mtoto ni wake pia. Mwambie namwomba."

"Nitamwambia leo hii," akasema Bartholomayo.

Akasahau. Siku ile wateja walikuwa wengi, umeme ukakatika, mashine ikaisha chaji, na neno likampotea kabisa. Alilikumbuka akiwa kwenye sherehe yenyewe, sahani ya ndizi na nyama mkononi, alipoona Revocatus anatazama njia kila mara.

"Ulimwambia?" Revocatus akauliza.

Hapo angeweza kusema, "Nimesahau, ngoja nimpigie simu." Nicholaus alikaa karibu tu, angefika kabla chakula hakijaisha. Lakini Bartholomayo aliogopa lile jicho. "Nilimwambia," akasema. "Maneno aliyonijibu, Ta Revo, leo ni siku ya furaha, tusiyarudie."

Na Nicholaus, aliyesikia ngoma na nyimbo kutoka kwake, alipomuuliza siku ya pili kama kaka yake alimtaja, Bartholomayo alikwisha kuanza kuteleza na hakuweza kusimama. "Alisema heri usije," akajibu. "Eti wageni wake ni wakubwa."

Nicholaus alilipa, akachukua baiskeli yake akaikokota bila kuipanda.

Miaka ikapita hivyo. Watoto wa ndugu wale wakapishana njiani kama wageni. Mwishowe Revocatus alipeleka shauri kwenye baraza la kata ili wasuluhishwe, na kila upande ukaambiwa ulete shahidi.

Asubuhi ya baraza Bartholomayo aliamka anaumwa tumbo. Kisha kikawa kichwa. Kisha akasema amekumbuka kuna shemeji yake kisiwani Bumbire ambaye hajamtembelea siku nyingi, na pengine akiwahi atapata mtumbwi. Judica alikuwa anampigia pasi shati jeupe la Jumapili. Alijua tu kwamba mumewe ameitwa kuwa shahidi, na kwake lilikuwa jambo la heshima.

"Shemeji atakungoja," akasema. "Leo watu wanataka kusikia ukweli wako. Inua mikono nikuvalishe."

Akavalishwa, akaenda.

Mwenyekiti wa baraza alikuwa Ma Renatha, mkunga mstaafu, mwanamke ambaye nusu ya waliokuwa mle ndani aliwapokea yeye mwenyewe siku walipozaliwa, na kwa hiyo hakuwa na sababu ya kumwogopa yeyote. Alimuuliza Revocatus shahidi wake ni nani.

"Bartholomayo, kinyozi."

"Na wewe, Nicholaus?"

"Bartholomayo, kinyozi."

Ma Renatha alivua miwani. "Kuna Bartholomayo wawili?"

"Mmoja," ndugu wakajibu kwa pamoja. Wakatazamana kwa mshangao, maana lilikuwa neno la kwanza kusema pamoja tangu wamzike baba yao.

Bartholomayo alikuwa amekaa benchi la nyuma na shati lake jeupe, anachunguza kucha zake. Ma Renatha alimtazama, akasema maneno hayatasaidia, twende kibanjani tukaonyeshwe.

Tukaenda, na njiani tukazidi kuwa wengi. Habari ilikuwa imetangulia, na wanawake waliokuwa wanapalilia waliacha majembe wakafuata. Tulipofika kwenye ule ukanda, Ma Renatha akasema, "Bartholomayo, tembea. Ukifika mahali palipokuwa na milamula, simama."

Akaanza kutembea kutoka upande wa Revocatus. Alitembea kama mtu anayevuka mto asioujua kina chake. Kila alipopunguza mwendo upande huu wa mparachichi, Nicholaus alimwitikia kwa kichwa kumtia moyo, na Revocatus akakohoa. Akaongeza mwendo. Alipoupita mparachichi, Revocatus alitabasamu na Nicholaus akakunja uso. Akarudi nyuma. Mwishowe alisimama chini ya mparachichi wenyewe, mgongo kwenye shina, kama mtu aliyekimbilia hapo kujikinga na mvua.

"Ni hapo?" Ma Renatha akauliza.

Baadaye Bartholomayo aliniambia kwamba pale chini ya mti alitafuta, kwa dhati, neno moja ambalo lingewapendeza wote wawili, kama alivyolipata siku ya Simba na Yanga. Alitafuta pande zote za kichwa chake. Halikuwepo.

"Sikumbuki," akasema.

"Umesahau sasa hivi?"

"Hapana, Ma. Sijawahi kukumbuka."

Revocatus alilipuka. "Si uliniambia ng'ambo ya mparachichi? Na mkungu wangu ukala."

"Mimi aliniambia upande huu," akasema Nicholaus. "Nikamsakafia banda."

"Kumbe ile sakafu ni yako?" Revocatus akamgeukia mdogo wake. "Akaniambia kajisakafia mwenyewe."

Mtu akacheka nyuma, akanyamazishwa. Lakini Nicholaus alikuwa amekwisha kuanza kufikiri, na mtu mkimya akianza kufikiri hadharani huwa haachi njiani. Akauliza polepole, "Kaka, siku ya kipaimara cha mtoto. Ulisema heri nisije, kwamba wageni wako ni wakubwa?"

"Nani? Mimi?" Sauti ya Revocatus ilishuka ghafla. "Mimi nilimtuma akuombe uje. Nilikuwekea kiti. Akaniambia umejibu matusi."

"Sikupata ujumbe wowote."

Wote wawili wakageuka kumtazama Bartholomayo, na sisi sote nyuma yao. Alikuwa analia. Si kilio cha sauti, machozi tu yanateremka kwenye kola ya lile shati. "Nilisahau kuupeleka," akasema. "Nikaogopa kusema nimesahau. Basi nikasema mengine."

Ma Renatha alishusha pumzi. "Ndumilakuwili," akasema.

Mzee mmoja wa baraza, ambaye Kihaya chake kilikuwa kirefu na Kiswahili chake kifupi, akamuuliza jirani yake neno hilo maana yake nini. Ma Renatha alimsikia. Hakufafanua. Alinyoosha kidevu kuelekea kwenye mparachichi, akasema, "Yule."

Aliyecheka kwanza ni Nicholaus, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheka kwa sauti. Alianza kama mtu anayekohoa, kisha akashindwa kujizuia, akamshika kaka yake bega ili asianguke. Revocatus alijaribu kubaki na hasira, akashindwa, naye akaanguka katika kicheko chake kile cha kusikika ng'ambo ya bonde. Walicheka mpaka wakakaa chini, kwenye ule ukanda waliougombania, na pale chini kicheko kiligeuka kitu kingine, na watu wenye adabu tukatazama pembeni.

Shauri halikuendelea. Baraza halikuwa na cha kusuluhisha tena. Ndugu wale walipima ukanda kwa macho, wakaugawa katikati, wakapanda milamula mipya wao wenyewe, Revocatus anachimba na Nicholaus anashindilia udongo. Waligombana kidogo kuhusu kunyoosha mstari, maana mwashi hakubali mstari uliopinda, lakini waligombana ana kwa ana.

Nyumbani kwa Bartholomayo mambo hayakuwa ya kucheka. Judica alipokea habari kabla mumewe hajafika. Alimwekea chakula, akakaa mbele yake.

"Walikupa nini?" akauliza. "Mkungu na saruji?"

"Sikufanya kwa ajili ya hivyo."

"Afadhali ungefanya kwa ajili ya hivyo, ningeelewa. Ulitaka nini?"

Alifikiri sana. "Nilitaka wanipende," akasema. "Wote wawili."

"Wakakupenda?"

"Wakanipenda."

"Walimpenda mtu ambaye hayupo," Judica akasema. "Na mimi nilidhani nimeolewa na mtu mpole. Kumbe upole wako ni woga." Kisha, kwa kuwa hakuwa mwanamke wa kinyongo, alimsogezea bakuli la mboga. "Kula. Kesho unakwenda kuwaomba radhi. Kila mmoja kwake, na kwa wote wawili useme maneno yaleyale."

Akaenda. Revocatus alimfokea kuanzia mlangoni, akachoka, akamkaribisha ndani. Nicholaus alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimekusikia," na kwa Nicholaus hiyo ni hotuba. Kwa Kokushubila ndiko alikopata shida. Binti alikuwa amekwisha kuwa mkubwa, na alimwambia bila kumheshimu sana, "Nilidhani baba mdogo hanipendi. Nimeishi hivyo muda wote huo, Ta." Bartholomayo alisema tu kwamba anajua, na kwamba hawezi kuurudisha muda ule.

Kwa miezi kadhaa banda lilipooza. Walioendelea kwenda, mimi nikiwemo, tulikwenda nusu kwa kumtania. Tulimuuliza, "Shahidi, leo uko upande gani?" Alitabasamu akaendelea kunyoa. Lakini kuna kitu kilibadilika, tukakiona polepole. Mteja aliposhuka na kujitazama kiooni, Bartholomayo alinyamaza. Ukimuuliza, alikujibu. Mimi aliniambia kwamba kichwa changu ni kirefu nyuma na niache kunyoa upara. Niliumia siku nzima. Kisha nikafuga nywele kidogo, na mke wangu akaniuliza ni nani amenishauri vizuri hivyo.

Mwaka uliofuata, wakati wa senene, wale panzi wa kuliwa, alikuja Limbu. Huyu alikuwa mvuvi, Msukuma, aliyeishi kambini kisiwani Goziba, na kila alipovuka kuja nchi kavu alipita kwa Bartholomayo kunyolewa. Siku hiyo alikuwa amevaa viatu vipya vinavyombana. Alikuwa anakwenda kwa Ma Sabina, mama yake Rosalina, msichana aliyekutana naye mnadani, na alitaka mtu wa hapa wa kumsindikiza.

"Wewe unanifahamu," akamwambia Bartholomayo. "Useme nina nyumba ya bati kwetu. Na useme unaijua familia yetu."

"Una nyumba ya bati?"

"Nitajenga."

"Familia yenu siijui."

"Ndugu yangu, utasema tu. Watu wa visiwani hawaaminiki huku. Wewe maneno unayo."

Bartholomayo alizima mashine. Zamani angekwisha kuijenga ile nyumba kwa maneno, na kuiwekea madirisha ya vioo. "Maneno nilikuwa nayo," akasema. "Nitakwenda na wewe. Lakini nitasema yale ninayoyajua tu. Kama hayatoshi, tafuta mtu mwingine sasa hivi, viatu havijakumaliza."

Limbu alisitasita, kisha akakubali, kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine.

Ma Sabina aliwapokea kwa sura ya mtu aliyekwisha kuandaa hapana. Aliposikia jina la shahidi, sura ile ilizidi kuwa ngumu, maana nani asiyejua habari ya mparachichi? "Haya," akasema. "Huyu kijana ni mtu gani?"

"Nyumba hana, Ma," akasema Bartholomayo. Limbu alifumba macho. "Kwao sipajui. Ninayemjua ni yule anayekaa kwenye kiti changu. Hajawahi kuja amelewa. Akiketi hupiga simu kwa mama yake, huongea Kisukuma, sielewi anachosema, lakini hucheka sana. Siku moja nilimkata sikio kwa bahati mbaya, damu ikatoka, na alichofanya ni kuniambia pole. Mengine siyajui. Ukiniuliza, nitasema siyajui."

Ma Sabina akamgeukia Limbu. "Alikukata sikio ukamwambia pole wewe?"

"Alikuwa ameshtuka sana, mama," Limbu akasema.

Rosalina, aliyekuwa nyuma ya pazia, alicheka, na mama yake akamwita alete chai pamoja na senene waliokaangwa mchana. Hakusema ndiyo siku hiyo. Alisema kijana akajenge kwanza, aje na mzazi wake, na kwamba shahidi arudi naye. "Wewe kinyozi," akamwambia wakati wa kuagana, "ningeambiwa ana nyumba, ningewafukuza. Nimekwisha kuuliza mnadani. Najua hana."

Limbu amemaliza kuezeka nyumba yake mwezi uliopita, hapahapa Muleba. Bati ni za buluu, kwa sababu zilizokuwa rahisi zilikuwa za rangi hiyo. Nicholaus ndiye aliyepiga lipu, na Revocatus, ambaye hakualikwa, alikwenda kusimamia na kupaza sauti. Mama yake Limbu anatarajiwa kabla ya mavuno ya kahawa, na Judica amekwisha kulipiga pasi lile shati jeupe.